Kaya Zilizopelea

Nilikuwa diwani kwa kipindi kimoja, na muda wote huo nilitaka jambo moja tu: kijiji chetu kigawanywe kiwe viwili. Watu walikuwa wameongezeka mno. Mtendaji alikuwa mmoja kwa vilima vyote vile, na mama mjamzito wa upande wa magharibi alitembea asubuhi nzima kufika zahanati. Hoja ilikuwa ya haki. Lakini nisijifanye mtakatifu, nilitaka pia watu waseme kijiji kipya kimezaliwa mikononi mwangu. Ukishaitwa mheshimiwa miaka miwili mfululizo, kichwa kinavimba.

Tatizo likawa idadi. Halmashauri kule Mbinga wakaniambia kijiji kipya kimepelea kaya chache. Afisa mwenye ramani, mtu mpole aliyehamia kutoka mkoa mwingine, akaniuliza kwa nini mpaka usitolewe kijitoni ukapandishwa hadi kwenye njia ya mgongo wa kilima. Kaya za mteremko ule zikiingia, idadi inatimia.

Yeye simlaumu. Ukiangalia ramani, mgongo wa kilima unafaa kabisa kuwa mpaka. Lakini mimi ni Mmatengo. Kwetu ukoo unakaa kwenye ntambo, yaani kilima kizima, mteremko huu na ule, kuanzia kijito hadi kijito. Maji ndiyo yanatutenga na majirani. Mgongoni ndipo ndugu tunapokutana. Hilo nililijua kabla sijajua kushika jembe. Nikaitazama ramani, nikasema, "Sawa, mgongoni panafaa."

Ntambo iliyokatwa ilikuwa ya kwetu. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, alikuwa na nyumba mteremko wa magharibi. Kahawa yake ilikuwa mashariki, na kaburi la mkewe lilikuwa hukohuko, kando ya kahawa. Nilikwenda kumweleza mwenyewe, maana niliogopa asisikie kwa watu. Nilichelewa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia umenihamisha."

"Hujahama, baba. Ni kwenye karatasi tu."

"Basi karatasi ndiyo ikahamie huko."

Alicheka, nami nikacheka, nikadhani yameisha. Kumbe hakuwa anatania. Waandikishaji wa kijiji kipya walipopita, aliwakaribisha vizuri, akawapa ndizi, akakataa kutaja jina lake. Kila jina lilikuwa na uzito wakati ule. Nikachukua daftari la wakazi nikamwandika mwenyewe, yeye na kaya yake. Kisha nikaandika barua kwa kijiji cha zamani kwamba wote wa mteremko wa magharibi wafutwe. Walimfuta.

Kijiji kipya kikapatikana. Kulikuwa na ngoma na hotuba, na mimi nilihutubia kuliko wote.

Sikufikiria habari ya kuzikana. Kwetu watu wa kitongoji ndio wanaochimba kaburi, wanaochota maji, wanaopika. Vitongoji vilipogawanywa, vikundi vya kuzikana navyo vikagawanyika kimyakimya, bila barua ya mtu yeyote.

Baba mkubwa alifariki mwezi wa mvua. Nilifika asubuhi ya maziko nikiwa na suti, nikakuta kaburi kando ya mkewe halijafika hata magotini. Wakwe zake wawili walikuwa wanachimba peke yao, matope hadi kiunoni. Wa mashariki walidhani wa magharibi wanachimba, kwa kuwa marehemu ni mtu wao kwenye daftari. Wa magharibi walisema mzee aliwakataa mwenyewe, hakuwahi kuingia kwenye kikundi chao. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ndugu zetu wa Ngumbo, walioondoka ziwani alfajiri wakapanda milima yote ile kwenye gari la mizigo, walifika kabla ya majirani wa kusikia kikohozi.

Nilivua koti nikachimba. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama mtu usoni. Watu wakaanza kuja mmojammoja, wa huku wakasimama upande wao na wa kule upande wao, na kaburi likawa katikati.

Tulipomaliza, dada yangu, binti mkubwa wa baba mkubwa, akanipa karatasi ya daftari la shule. Ulikuwa wasifu wa marehemu, nisome mimi kwa kuwa ndimi mkubwa wa ukoo serikalini. Kwenye mstari wa pili kulikuwa na nafasi tupu.

"Hapo nimeacha, mheshimiwa," alisema. "Sijui niandike alikuwa mkazi wa wapi."

Hakuwa ananisuta. Alikuwa anauliza kweli, na hilo ndilo lililoniumiza.

Katekista alipomaliza sala nikasimama. Nikasoma alivyozaliwa, nikasoma ubatizo wake, nikafika kwenye ile nafasi. Mwenyekiti wa kijiji kipya alikuwa mbele yangu na watu wake. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, na kura nilizozitegemea zilikuwa za upande ule. Chini yangu lilikuwepo jeneza la mtu aliyenibeba mgongoni nilipougua surua, akanipeleka misheni kwa miguu.

Nikakitaja kijiji kipya.

Hakuna aliyenizomea. Dada alinyoosha mkono akaichukua karatasi, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akaanza kusoma upya tangu mwanzo. Alipofika pale alisema baba yake alikuwa mkazi wa hapa, akaendelea.