Injini Iliyokuja Imeoga

Mtu akitaka kumuudhi Fundi Hapana, na wapo wengi waliotaka, hana haja ya kumtukana. Amletee tu gari ambalo injini yake bado ni ya moto.

Jina la Hapana alipewa na madalali wa magari, na hawakumpa kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kupima magari yaliyokwisha kutumika kabla mtu hajayanunua. Alikuwa na gereji ya sakafu ya saruji, nusu yake chini ya paa la bati, benchi moja la chuma, na kiti cha gari kilichong'olewa zamani ambacho wateja walikikalia kungojea hukumu. Hukumu yenyewe mara nyingi ilikuwa moja. Mnunuzi akiondoka ameshukuru, dalali anaondoka anatema mate.

Magari aliyoyashuku kuliko yote yalikuwa yale ya turbo. Turbo, kwa asiyejua, ni kifeni kidogo kinachozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nacho kikizunguka kinaisukumia injini hewa nyingi, gari likapata nguvu kushinda umbo lake. Kikiwa kizima, mwenye gari hutembea kifua mbele. Kikichoka, kinaanza kunywa oili kimyakimya, na siku kikivunjika, vipande vinaweza kumezwa na injini yenyewe.

"Gari la kawaida likizeeka linakohoa, unasikia," alizoea kusema. "Hili la turbo linakuchekea mpaka siku ya mazishi."

Ndiyo maana alikuwa na sharti ambalo hakumlegezea mtu: gari lije jioni, lilale pale gerejini, na asubuhi yeye mwenyewe aweke kiganja juu ya boneti kabla ufunguo haujaguswa. Moshi wa kwanza wa injini iliyolala husema mambo yote. Injini iliyokwisha kupata moto ina adabu za mgeni, huambiwi kitu.

Sasa asubuhi hiyo honi ikalia getini, na dada yake akaingia na gari la turbo linalong'aa kama sahani mpya.

Huyu alikuwa dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni akiwa mchanga, na mpaka leo alikuwa akimtazama kama mtu anayehitaji kufutwa kamasi. Aliuza vyombo vya nyumbani kwenye magulio, leo mji huu, kesho ule. Kwa kuwa hakuwa na gari, alisafiri kwa kuomba nafasi kwenye malori ya watu, yeye na masufuria yake juu ya magunia ya wenzake. Mvua zilizopita aliachwa njiani na mzigo wake wote kwa sababu mwenye lori alipata abiria anayelipa vizuri zaidi. Siku ile aliapa atanunua gari lake. Basi ndilo hili alilokuja nalo.

Fundi aliweka kiganja juu ya boneti, akakitoa haraka.

"Dada, si nilikwambia ulilete jana jioni lilale hapa?"

"Jana lilikuwa linaoshwa."

"Linaoshwa?"

"Nje, ndani, mpaka kwenye injini. Ulitaka nikuletee gari chafu mbele za watu? Mama alitulea hivyo? Hata hospitali mtu huenda ameoga."

Fundi alifungua boneti. Lo! Injini ilikuwa safi hata ungeweza kupakulia chakula juu yake. Palipokuwa na mafuta yaliyovuja, kama yalikuwapo, pamesuguliwa. Palipokuwa na vumbi lililogandia oili, pamefutwa. Aliinama huku, akainama kule, na kila alipotupa jicho alikutana na chuma kinachomkonyeza. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakikuta na kitu cha rangi ya asali.

"Na oili je?"

"Nimebadilisha," alisema dada kwa fahari. "Ile ya mwanzo ilikuwa nyeusi tii, inatia kinyaa. Nikasema mdogo wangu asichafuke mikono."

Ng'ambo ya ua, fundi wa kuchomelea vyuma aliyeitwa Cheche alivua miwani yake ya kazi ili acheke vizuri. "Hapana, leo umeletewa bibi harusi! Mpokee, bwana, usimtie aibu!"

"Wewe choma mageti yako!" Fundi alifoka, kisha akamgeukia dada yake, sauti imepanda. "Ile oili nyeusi ndiyo niliyoitaka! Ningeipaka kidoleni, ningeona kama ina chenga za chuma. Uvujaji ningeuona kwa ule uchafu. Umewaosha mashahidi wote, dada, halafu unaniita kwenye kesi!"

"Basi nimekosa. Sikujua uchafu nao una faida."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Usinipigie methali, mimi ndiye niliyekufundisha hizo. Pima gari."

Fundi aliingia ndani ya gari. Angepima nini? Aliwasha, akasikiliza, injini ilinguruma taratibu, haina neno. Alitazama bomba la moshi, halitoi kitu. Alikanyaga mafuta, akaachia, akakanyaga tena, bado safi. Dalali mwovu kuliko wote asingeweza kumfunga macho kama alivyofungwa na huyu mtu wa tumbo moja, tena kwa nia njema. Na turbo yenyewe isingeshikika. Chuma chake kilikuwa cha moto kiasi cha kuchuna ngozi. Alizima gari.

"Tunangoja lipoe," alisema.

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka lipoe."

Wakangoja. Jua lilipanda juu ya bati, na bati likaanza kulialia. Dada alikaa kwenye kiti cha hukumu, akainuka, akakaa tena. Alikwenda kulizunguka gari, akafuta kwa upindo wa kanga yake alama ya kidole aliyoiacha mdogo wake kwenye boneti. Fundi alimwona, na moyo ukamsononeka bila kujua kwa nini.

"Mwenye gari anataka jibu lini?" aliuliza.

"Wewe pima tu."

"Nauliza kwa sababu kama anakuharakisha, hiyo peke yake ni dalili."

"Hakuna anayeniharakisha. Una maswali kama askari."

Fundi alijipa kazi ya kupanga spana zilizokwisha kupangwa. Alijijua kuwa ni mgumu. Yeye mwenyewe, mpimaji wa magari anayejulikana mji mzima, alikuja kazini kwa miguu, maana halijapata kutokea gari lililompendeza. Cheche alikuwa akimwambia kwamba angekuwa mshenga, vijana wote wa mtaa wangezeeka makapera. Fundi hakuona cha kuchekesha hapo. Kusema ndiyo ni rahisi. Atakayelala porini na gari bovu ni mwingine.

Jua lilipoanza kushuka, kiganja kilikaa juu ya boneti bila kuungua. Fundi alimwita dada yake asimame nyuma, karibu na bomba.

"Tazama wewe mwenyewe, usije ukasema nimekuonea."

Akawasha. Injini ilishika mara moja, na bombani likatoka wingu la moshi wa buluu, zito, lenye harufu ya oili inayoungua. Likapita usoni pa dada, likaenda zake uani. Baada ya muda mfupi bomba likawa safi kama asubuhi.

"Kamoshi kidogo tu," dada alisema. "Kameisha."

Fundi alizima, akafungua mpira mkubwa wa hewa unaoingia kwenye turbo. Huko ndani waosha magari hawakufika. Kidole chake kilirudi kimelowa oili. Alikishika kile kifeni kwa ncha za vidole, akakisukuma ndani, akakivuta nje, nacho kikaenda na kurudi, kikigonga. Kifeni kizima hakitembei hivyo. Mapanga yake yalikuwa yamekwaruzwa pembeni kwa kusugua ganda linalokizunguka.

Alijifuta mikono. Alihisi, Mungu amsamehe, nafuu kidogo: hatimaye alikuwa na neno la kusema.

"Turbo imekwisha. Ukipakia vyombo ukapanda mlima mmoja wa maana, haifiki kileleni, na ikivunjika inaondoka na injini. Walitaka kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Mrudishie mwenyewe gari lake leo hii."

Dada alikuwa ameshika mkono wa mlango wa gari. Hakuuachia.

"Mwenyewe ni mimi," alisema.

Cheche alizima mtambo wake. Ndipo Fundi alipojiona mjinga mkubwa. Nani humwaga oili ya gari la mtu akatia mpya? Nani hulipa watu wasugue injini isiyo yake? Jambo lilikuwa mbele ya macho yake tangu asubuhi, yeye aliyejidai kuona kila kitu.

"Umenunua bila kuniuliza?" Sauti ilimpasuka. "Mimi ndugu yako! Watu wanatoka mbali kuja kuniuliza mimi!"

"Nilikuuliza. Lile jeupe nilikuuliza, ukasema hapana. Lile la yule mwalimu, hapana. Mwalimu analiendesha mpaka leo, jana kanipungia mkono. Kila nililokuletea, hapana, hapana, na mimi nazeeka juu ya magunia ya watu." "Safari hii nikasema nilinunue kwanza, nilioshe, nilipambe, ukiliona zuri huenda utalipenda. Aliyeniuzia sikumwogopa. Niliyemwogopa ni wewe."

Maneno yote aliyokuwa nayo Fundi yalikuwa ya kweli: moshi ulikuwa wa kweli, kifeni kiligonga kweli, gari lile la mwalimu lilikuwa na kasoro kweli. Hakuna hata moja lililofaa kusemwa. Alikasirika, na hakujua tena anamkasirikia nani.

"Nipe ufunguo," alisema mwishowe. "Usiliwashe tena. Naitoa hiyo turbo leo, nitakutafutia nyingine."

"Na gulio la kesho?"

Hakumtazama. "Kesho gari halitoki."

Dada aliuweka ufunguo juu ya benchi. Alitoa simu, akasogea pembeni ya ua, akampa mgongo. Fundi aliinama ndani ya boneti, akaishika nati ya kwanza. Ilikuwa imeshikana na chuma kwa joto la miaka. Akaikazia spana, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, huku akimsikia dada yake mkubwa akizungumza kwa sauti ambayo hajapata kuisikia kwake tangu azaliwe, ndogo, ya kujipendekeza:

"Kaka yangu, nakuomba... nafasi kidogo tu. Hata juu kabisa ya magunia, nitashikilia kamba. Hapana, sitakusumbua kama siku ile uliponiacha njiani. Nakuomba, kaka."