Vigingi Vyekundu Kwenye Jaruba la Mjomba

Nilisikia panga kabla sijamwona aliyelishika. Paa. Kimya. Paa tena, chuma kikila mti mkavu, upande ule wa matete ambako mjomba wangu analima mpunga. Ukungu wa mto ulikuwa haujainuka. Rafiki yangu, aliyekuwa amenitangulia kwenye tuta na ndoo mbili mkononi, alisimama ghafla hata nikamgonga mgongoni.

"Vigingi vyangu," alisema.

Tulikimbia. Tulimkuta mjomba katikati ya jaruba, suruali ameikunja hadi magotini, kigingi kimoja kikielea mbele yake kimekatwa shingo. Hakushtuka. Alitutazama kama mtu aliyekutwa anapalilia.

"Karibuni," alisema. "Mmeamkaje?"

"Shikamoo, mzee," rafiki yangu alijibu. Hata katika hali ile shikamoo haikumtoka akilini.

Msimu ule nilikuwa nimerudi Korogwe kuandika, nikawa siandiki. Rafiki yangu, Msambaa niliyesoma naye sekondari, sasa alikuwa mwanafunzi wa udongo chuo kikuu, na alihitaji mtu wa kumsaidia kubeba vifaa na kusema Kizigua na wazee wa bondeni. Nilikubali kwa sababu ya swali lake. Alitaka kujua mto unaweka wapi kaboni, na unaitoa lini. Mto hauendi baharini na kila kitu, alinieleza. Ukifurika huacha njiani majani, mizizi, majivu ya mashamba ya juu, na tope huvifunika. Chini ya maji, pasipo hewa, vitu hivyo haviozi vikaisha. Hukaa humo miaka mingi kuliko umri wa mtu. Lakini ukikausha tope ukaligeuza kwa jembe, hewa ikaingia, vinaanza kuoza upya na kaboni inapanda angani. Na hata likiwa chini ya maji, tope hutoa hewa nyingine, ile inayopasuka kwa mapovu ukikanyaga. Bonde lile lile ni ghala na ni mlango wa ghala. Yeye alitaka kujua kipi kinazidi.

Jaruba la mjomba liko pale mto ulipopita zamani, kabla haujahamia ulipo leo. Siku ya kwanza tulipozamisha bomba la chuma pale, lilitoka na tope jeusi kama masizi, na katikati ya tope kulikuwa na jani. Lilikuwa bado ni jani, mishipa yake yote inaonekana. Nililishika kiganjani, na nikiwa nalitazama likageuka ugoro. Tangu siku ile sikuweza kutembea bondeni bila kufikiri juu ya nini ninakanyaga.

Vigingi vilionyesha mahali pa kufunika ndoo kifudifudi, ili hewa inayotoka kwenye tope ikusanyike humo na kunyonywa kwa sindano. Ndoo zilipaswa kuwa palepale kila wiki, msimu mzima. Ukipahama, vipimo vya nyuma vinabaki bila vya kulinganishwa navyo. Mwanzoni alivipaka vigingi rangi nyeupe, tukavipoteza kati ya yangeyange weupe waliojaa majaruba. Akanunua nyekundu.

Halikutujia akilini jambo ambalo mtoto yeyote wa kando ya barabara kuu angetuambia. Nyumba ikichorwa X nyekundu, itabomolewa. Na bondeni wote wanajua kwamba sheria inakataza kulima ndani ya mita sitini kutoka mtoni, na wote wanajua majaruba mangapi yako ndani ya mita hizo. Watu wanalima kwa kunyamaza. Sisi tulikuwa tumepita katikati ya ukimya ule na kopo la rangi.

"Mjomba, kwa nini unavikata?" nilimuuliza.

"Wanawake hawaji," alisema. "Miche yangu inageuka nyasi kitaluni. Wamesema hawapandikizi shamba lililoandikwa."

Hapo nilielewa. Kupandikiza mpunga ni kazi ya kualikana, leo kwangu, kesho kwako. Mtu mmoja na mkewe hawawezi jaruba lile. Na miche haisubiri. Ikipitiliza kitaluni inazeeka kabla haijazaa, na zamu ya mjomba ya maji ya mfereji ingepita pia. Niliitazama ile miche pembeni ya tuta: ncha zilikuwa zimeshaanza umanjano.

"Mzee, ukivikata, msimu wangu wote umekufa," rafiki yangu alisema.

"Nisipovikata umekufa wangu, mwanangu."

Mjomba alichomeka panga kwenye tope, likabaki limesimama kati yao. Akasema kama rafiki yangu ana maneno, akawaambie wanawake wenyewe, mchana, nyumbani kwake.

Walikuja baada ya adhuhuri, kanga zimelowa manyunyu, wakajaa kwenye mikeka ya sebuleni. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Alimpima rafiki yangu kutoka juu hadi chini.

"Kumbe ni Msambaa! Ndiyo maana. Nyie wa milimani mmezoea kulima ukutani, mkiona shamba limelala chini mnadhani limeanguka."

"Na nyie Wazigua mnalima ziwani, mama, halafu mnashangaa viatu havikauki."

Walicheka. Nikapumua. Lakini yule mama alikuwa wa kwanza kuacha kucheka.

"Haya. Tuambie. Alama ile ni ya nini?"

Rafiki yangu alieleza, vizuri, kwa maneno mepesi, akifunika bakuli kifudifudi juu ya mkeka kuonyesha ndoo. Akasema ni kipimo tu. Akasema serikali ya kijiji ina barua yake.

"Hata wabomoaji huja na barua," alisema mmoja nyuma.

"Nyumba ya dada yangu kule Segera waliichora asubuhi," mama yule alisema, "wakamwambia ni alama tu. Alama tu! Sasa anakaa kwa shemeji yake."

"Nitavipaka kijani leo hii," rafiki yangu alisema.

"Vipake hata maua. Tumeshaviona vyekundu."

Mjomba alikuwa ameketi karibu na mlango, mikono juu ya magoti, na nilijua anahesabu maji ya mfereji, si maneno yetu.

Kisha mama yule akasogea mbele kidogo. Sauti yake ilishuka, na hiyo ilinitisha kuliko ilipokuwa juu.

"Mwanangu, nakuuliza kama ningemuuliza wa tumboni mwangu. Hilo tope letu, ukimaliza kulipima, utaandika. Ukiandika kwamba kulilima kunaharibu hewa, kuna mtu atasoma. Unaweza kuniapia hapa kwamba huyo mtu hatakuja kututoa?"

Ingekuwa rahisi kuapa. Nilitamani aape. Nilimtazama nikijaribu kumwambia kwa macho: sema ndiyo, miche inakufa. Mvua ilizidi kidogo juu ya bati.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi?"

"Sijui bado nitaandika nini, mama. Inawezekana nikaona bonde hili linatunza kuliko linavyotoa. Inawezekana nikaona kinyume. Nikishaandika, karatasi si yangu tena. Siwezi kuapia mikono ya watu nisiowajua."

Mikeka ilinung'unika. Mmoja alisema, "Si mnaona!" Mwingine alimwambia anyamaze, kwamba angalau huyu hadanganyi. Mjomba aliinamisha kichwa, na nikaona shingo yake nyembamba, imezeeka bila mimi kujua ni lini.

Rafiki yangu aliligeuza bakuli, akaliweka vizuri pembeni. Alikuwa na vipimo vya nusu msimu, na nusu msimu haumsaidii mtu yeyote. Nilimwona akilifikiria hilo.

"Mzee," alisema, "nakwenda kuving'oa sasa hivi. Vyote, mpaka vya kwenye matete. Nitaviweka barabarani kila mtu avione vimelala."

"Mwanangu..." mjomba alianza.

"Miche haisubiri."

Mama yule hakushukuru. Alimgeukia mjomba kana kwamba mgeni ameshaondoka.

"Kesho alfajiri, mzee. Mwambie mkeo uji uwe mwingi. Na wewe," alinielekezea kidole, "usijifanye mgeni. Utainama na sisi."

Rafiki yangu alishika ndoo zake. Nilianza kuinuka nimsaidie. Ilikuwa kazi ya watu wawili kuving'oa kwenye tope lile.

"Kaa," aliniambia kwa upole. "Kaa na watu wako."

Aliinama kuwaaga wazee, akavaa viatu vyake vilivyolowa, akatoka. Manyunyu yalikuwa yakiingia hadi kwenye mikeka, na mjomba akanyoosha mkono, akaufunga mlango nyuma yake.