Banda la Kuku Juu ya Myombo

Kwanza nitenge yaliyo yangu na yasiyo yangu. Nimesikia, kama kila mtu hapa Tabora alivyosikia, kwamba kuna mwalimu mstaafu aliyerukwa na akili akahamia juu ya mti pamoja na mkewe. Kwamba alianguka akavunjika nyonga. Kwamba mti wenyewe una mizimu ya wapagazi waliolala chini yake zamani, walipokuwa wakibeba pembe kwenda pwani. Nyonga zangu ni nzima zote mbili. Kuhusu wapagazi, nilichimba pale mashimo ya nguzo kwa mikono yangu, nikapata changarawe na mchwa. Huenda walilala. Mimi sikuwapo. Nilichokiona na kukitenda mwenyewe ni hiki kinachofuata.

Mke wangu ana presha ya macho. Daktari alitueleza tukiwa tumeketi mbele yake sote wawili: dawa ya matone itachelewesha ugonjwa, lakini haitarudisha kilichokwisha kupotea. Nuru humpungua kuanzia pembeni kuja katikati, hata sasa anaona kama mtu anayechungulia kupitia mwanzi. Alimsikiliza daktari mpaka mwisho, akamshukuru. Tulipofika nje alisema jambo moja tu.

"Mwaka huu nataka kuiona miyombo ikiwaka."

Kwa asiyeijua nchi yetu, nieleze. Mwishoni mwa kiangazi, kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka, miyombo huchipua majani mapya, na majani hayo hayaanzi na ukijani. Huanza mekundu, mengine rangi ya shaba, na kwa siku chache msitu mzima huwa kama umewashwa moto usio na moshi. Utotoni mke wangu aliutazama msitu huo akiwa juu ya ulingo, lile jukwaa la miti ambalo watoto hukaa wakifukuza ndege shambani. Mtama ukishavunwa ulingo hubaki umesimama, na watoto huurudia kwa michezo yao. Hilo nililishuhudia pia kijijini kwetu.

Nikamwambia basi, tutakwenda ukingoni mwa msitu, atasimama atazame.

"Nikiwa chini naona shina mojamoja," akajibu. "Nikiwa juu, nikatazama mbali, tundu langu litaingiza msitu wote."

Sikukubali kwa sababu tu ya kuambiwa. Nilikunja gazeti likawa bomba, nikachungulia ukuta wa sebule: niliona msumari na pembe moja ya kalenda. Nikatoka nje, nikachungulia mwisho wa barabara: niliona duka zima, bajaji zilizoegeshwa, na abiria anayebishana na dereva. Mke wangu alikuwa sahihi, nikamwarifu hivyo.

"Ahsante, Mwalimu," alisema. "Kwa hiyo nimefaulu?"

Vilima vya mawe vinavyouzunguka mji ni vikali kwa magoti yake. Ngazi ni jambo jingine, kwa kuwa kwenye ngazi mikono huisaidia miguu. Tukakata shauri kujenga ulingo mtini. Myombo tuliouchagua umesimama kwenye mwinuko, kando ya njia ya kwenda Isikizya, na mbele yake bonde limefunguka lote. Ulikuwa na kasoro moja: ardhi ile si yangu.

Ni ya mzee mmoja wa mtaa wa Mtendeni, muuza vifaa vya ujenzi, Mzaramo kwa asili, ambaye babu yake inasemekana aliingia Tabora na misafara. Nasema inasemekana. Ninachoweza kukithibitisha ni kwamba mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo yeye ni mtani wangu, na katika umri wetu wote hatujawahi kusalimiana kwa amani. Mtani ana haki ya kukusimanga mbele za watu na kukamata kitu chako akakwambia ukikomboe; wewe huna haki ya kukasirika. Alipofiwa na kaka yake nilikwenda msibani nikalikalia jembe la kuchimbia kaburi, nikakataa kuondoka mpaka nipewe chai. Alicheka huku analia, na hiyo ndiyo kazi ya mtani.

Kumwomba ruhusa mtu wa namna hiyo kungekuwa sawa na kumkabidhi kengele. Kabla ya adhuhuri Mtendeni yote ingejua kwamba mwalimu aliyetumia maisha yake kuwateremsha wavulana kwenye miti sasa anataka kupanda. Hilo ningelivumilia. Lakini mke wangu hakutaka macho yake yawe mazungumzo ya barazani, na hilo ndilo lililoamua. Tutajenga kwa siri.

Misumari niliinunua dukani kwake. Najua msomaji atashangaa. Lakini misumari ya maduka mengine hupinda, jambo ambalo nimelipima mwenyewe, na sikuwa tayari kumpandisha mke wangu juu ya msumari unaopinda.

"Mtani," alisema akinipimia, "misumari mirefu hivi, unajitengenezea jeneza?"

"Banda la kuku."

"Mnyamwezi na kuku! Si mtakuwa mmewala kabla banda halijaisha?"

"Ongeza na kamba ya katani."

"Kuku wa kufungwa kamba? Sasa naelewa kwa nini wanafunzi wako walikuwa wanatoroka."

Nilikuwa nikienda asubuhi, nikisukuma baiskeli iliyofungwa nguzo za mkaratusi na mbao. Mti wenyewe sikuupigilia msumari hata mmoja, kwa kuwa si wangu. Misumari iliingia kwenye mbao zangu tu, na jukwaa lilisimama juu ya nguzo zangu, likaegemea matawi kwa kamba. Nilijiridhisha kwamba kuegemea si kumiliki. Mke wangu alipokuja nami aliketi chini akafunga mafundo ya vipande vya ngazi, fundo lile lile la ulingo wa kwao. Aliyafunga huku uso umeelekea kwingine, na kila nilipoyavuta mafundo yake kuyajaribu alinisikia.

"Umeridhika, Mwalimu?"

"Naendelea na ukaguzi."

Siku moja, jukwaa likiwa limekaribia kukamilika, nilikuta punje za mahindi zimetawanywa juu ya mbao. Nilihitimisha kwamba ni tumbili waliotoka kuiba ghalani. Ulikuwa uhitimisho usio na ushahidi, na nilistahili kilichofuata.

Majani yalitoka. Jumapili, baada ya ibada, tulipanda bajaji hadi njia inapochepuka, tukaenda kwa miguu, mkono wake begani mwangu. Siku mbili zilizotangulia upepo ulikuwa umevuma kwa nguvu hata kupanda hakukuwezekana, na kwa desturi ya majani yale wekundu ule haukai. Tungechelewa kidogo tungekuta kijani. Tulipofika chini ya mti, ngazi haikuwapo.

Mke wangu alinyoosha mikono, akalipapasa shina pande zote.

"Ngazi iko wapi?"

"Haipo."

"Haipo kivipi?"

Nilikuwa natafuta jibu la kweli lisilomwumiza, sauti ikashuka kutoka juu: "Nani huko chini? Kama ni mwizi wa kuku, amechelewa."

Mtani wangu alikuwa ameketi katikati ya ulingo wangu na kofia yake kichwani, ngazi ameivutia juu, ameiweka mapajani.

"Nimemuuzia mtu misumari ya banda la kuku," aliendelea, akiuhutubia msitu. "Banda nimelikuta kwenye mti wangu. Nikaleta mahindi, nikasema niwasaidie kuku wa watu. Kuku sioni. Natoza faini ya jogoo, na ngazi haishuki mpaka jogoo afike."

"Shuka," nilimwambia. "Sakafu hiyo imepimwa kwa watu wawili wenye adabu, si kwa Mzaramo mmoja aliyelishwa nazi tangu utotoni."

"Adabu? Mvamizi wa ardhi ananifundisha adabu! Mwalimu mzima anajenga kiota!"

Kwa desturi yetu sikuruhusiwa kukasirika. Nilikuwa nimekasirika. Mke wangu alinigusa mkono, akauinua uso kuelekea sauti ile.

"Shemeji, shusha ngazi. Nimekuja kutazama majani, na haya macho yangu sidhani kama yatanisubiri hadi mwakani."

Mtani alivua kofia yake. Katika miaka yote niliyomfahamu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza niliyomshuhudia akiacha mzaha. Kisha ngazi ikaanza kushuka polepole, ikagusa ardhi, nami nikaisimika.

Sasa ikadhihirika kwamba mtani wangu kupanda aliweza, kushuka hakuweza. Mguu wake ulitoka nje ya jukwaa, ukatafuta hewani, ukarudi ndani.

"Mguu wa kulia, shemeji," mke wangu alimwelekeza. "Usitazame. Papasa. Kuna fundo hapo, nililifunga mwenyewe. Umelipata?"

"Nimelipata."

"Wa kushoto. Nimesema usitazame! Macho ya nini?"

Alifika chini amelowa jasho, akajipangusa kwa kofia. "Mtani, ngazi hii umewajengea tumbili."

"Nilidhani ndio walioleta mahindi."

Alicheka mpaka akashika shina. Kisha, bila kuambiwa, aliikamata ngazi kwa mikono yote miwili na kuugeuza uso upande mwingine, kama inavyopasa mwanamke anapopanda. Nilitangulia. Mke wangu alinifuata, hakukosea kipande hata kimoja, akaketi kando yangu, miguu ikining'inia.

Aligeuza kichwa taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayesoma mstari mrefu, kisha akaanza upya.

"Vipi?" mtani alipaza sauti kutoka chini. "Anaona? Mbona mmenyamaza?"

"Kote ni kwekundu," mke wangu alisema. "Isipokuwa ule mmoja, kule karibu na kichuguu. Umechelewa kuwafuata wenzake."

Hayo ni maneno yake. Sina njia ya kuingia machoni mwake nikayahakiki, na mtu aliyengoja jambo kwa hamu kubwa huweza kuliona hata lisipokuwapo. Kwa hiyo nilivaa miwani, nikakifuata kidole chake juu ya vilele vyekundu, mbali, hadi ng'ambo ya bonde. Ilinichukua muda kukipata kichuguu. Kando yake ulisimama myombo mmoja, bado na majani yake makavu ya mwaka jana. Nilitafuta wa pili wa namna hiyo. Hakukuwa na wa pili.