Bibi Alitaka Kujua Nia ya Vita

Kwenye somo la Uraia mwalimu alisema rais ndiye mwenye mamlaka ya kutangaza vita, halafu tamko lake linapelekwa bungeni likajadiliwe. Nikanyoosha mkono. Nikauliza kama hiyo ni sawa na mie kula maandazi ya mama kwanza, halafu ndio nimwombe ruhusa. Darasa zima likacheka, mie nikapigishwa magoti mpaka kengele.

Wiki hiyohiyo kaka yangu, mwanajeshi, akaja nyumbani Vingunguti kuaga. Wanapelekwa mpakani, magharibi. Mchana kutwa watu walipita kumpa mkono, kila mtu na sababu yake mdomoni. Redio yetu ilisema majirani wamerusha risasi upande wetu. Mwarabu wa dukani alikuwa kasikia redio za nje zikisema sie ndio tunawaficha waasi wao. Fundi baiskeli akasema wote waongo, wakubwa wanataka tusahau bei ya sukari. Bungeni kimya. Kaka anakunywa chai tu.

Kwetu msafiri haondoki mpaka bibi asimame mlangoni, anyanyue msahafu, na msafiri apite chini yake akiombewa. Lori la jeshi lilishafika barabarani, linaunguruma. Bibi akasimama, lakini msahafu kaukumbatia kifuani.

"Dua inataka nia, mjukuu wangu. Unaenda kufanya nini huko?"

"Ni amri, bibi."

"Amri ni ya aliyekutuma. Mie nakuuliza sababu."

Kaka akanitazama. Mambo yakikwama nyumbani, mie ndio huwa nachomekea utani. Nikasema wabunge wenyewe bado hawajaambiwa, yeye ataambiwa na nani? Hakuna aliyecheka. Mama akageukia ukutani.

Honi ikalia.

"Niombee nirudi, bibi."

Bibi akaunyanyua msahafu. Kaka ni mrefu, ikabidi ainame sana, begi likakwaruza mlango. Dua ya safari aliisoma yote. Pale pa kutaja haja ya msafiri alisema tu arudi, basi.

Tangu hapo redio inasema hali ya mpakani ni shwari. Mwalimu kashahamia mada ya serikali za mitaa. Kila taarifa ya habari ikiisha, bibi anazima redio na kuniuliza mie, msomi wa nyumba:

"Kama hakuna vita, mbona hawamrudishi?"