Sufuria ya Pili

Mama alikuwa na hoteli Jinja mjini, katika mojawapo ya yale maduka ya zamani ya Wahindi yenye baraza mbele. Nasema hoteli kwa sababu ndivyo tulivyoiita. Kwa kweli ilikuwa chumba kimoja, meza tano na jiko la uani. Asubuhi tuliuza chai na mandazi, mchana wali, matoke, maharage na mchuzi wa nyama. Baba alikufa kwa pumu nikiwa mdogo, na hoteli hiyo ndiyo iliyonilea.

Mama hakuwa mpole. Mteja akilalamika kwamba mchuzi umezidi chumvi, alimwambia akapike kwake. Kesho yake mteja yuleyule alikuwa amekaa mezani anasubiri, maana ulimi wake ulimjua mpishi hata kama roho yake ilikuwa imekasirika. Waislamu walikula kwetu na Wakristo pia, bila mtu kuuliza swali. Kwetu mnyama huchinjwa na Mwislamu, kisha wote wanakula. Hata Msoga Mkristo, mwenyeji wa huku kwetu, akiwa na arusi humwita jirani Mwislamu amchinjie ng'ombe, ili asiwepo mgeni wa kuondoka na njaa. Jambo hili lilikuwa la kawaida mno hata hatukulifikiria.

Kisha vikaja vita vya kuiangusha serikali ya askari. Sitavieleza, waliovipigana wameshavieleza vya kutosha, tena kwa sifa. Mimi nakumbuka vilivyobaki nyuma yake. Maduka yalikuwa yamevunjwa, chumvi ilipimwa kwa kijiko, sukari ilipatikana kwa magendo tu. Mwenye bucha wetu alikimbilia Kenya, kwa sababu Waislamu sasa tulitazamwa kama jamaa za serikali iliyoanguka, hata sisi ambao serikali hiyo haikutupa chochote ila foleni. Kambini wakaja askari wapya, wengi wao Wakristo kutoka kaskazini na wengine wa huku kwetu mashariki. Hoteli nyingine zilikuwa zimefungwa, hivyo wakala kwetu. Mwanzoni walilipa na kushukuru.

Siku moja wakaja na nyama yao. Walimpiga ng'ombe risasi upande wa Wanyange, nje ya mji, wakatuletea paja zima na kuliweka juu ya meza ya wateja. Tundu la risasi lilionekana. Mnyama aliyekufa hivyo, bila kisu wala jina la Mungu, kwetu ni kibudu, na kibudu hakiliwi. Mama alilitazama lile paja, akawatazama na bunduki zao, akawaambia waje kesho saa nane. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Jioni hiyo alikwenda kwa shehe kumuuliza. Shehe alimwambia kwamba shida ni shida, awapikie, lakini asichanganye. Mama alilishika neno hilo la asichanganye kwa mikono miwili. Akanunua sufuria ya pili, upawa wa pili, kisu cha pili, na sahani za bati ambazo hazikuguswa na mtu mwingine. Kwenye mkono wa sufuria ya askari alifunga kitambaa chekundu ili hata mimi nisikosee. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwa mjinga, lakini kila asubuhi alinionyesha kile kitambaa upya. Alikuwa anajivunia. Katika mji ambao kila kitu kilikuwa kimechafuka, jiko lake lilikuwa na mpaka.

Mpaka huo ndio uliotumaliza. Kama angepika kwa kuchanganya na kunyamaza, kama walivyofanya wengine baadaye, hakuna mtu angejua.

Wa kwanza kuuliza alikuwa fundi cherehani mmoja, mteja wetu wa miaka mingi. Alikwenda uani kunawa mikono akaziona sufuria mbili. Akarudi mezani, akaisogeza sahani yake mbele kidogo, akauliza kwa upole kwa nini siku hizi kuna sufuria mbili. Mama akamweleza ukweli wote: ile ni ya askari, ina kibudu, hii ni yetu, nyama yake imechinjwa na Mwislamu kijijini. Alidhani amemtoa wasiwasi. Fundi alimaliza wali, nyama akaiacha.

Wiki ile ile maneno yakaanza kutembea. Ati upawa unaingia huku na huku. Ati mama anawapikia askari nyama iliyochinjwa ili wampende, na kibudu anatupa sisi. Mwalimu mmoja kutoka Mpumudde alilalamika kwamba tumbo lilimsumbua siku mbili, ingawa yeye alikuwa amekula maharage. Kisha uvumi ukapata meno. Watu wakaanza kuulizana: hao ng'ombe wako wapi? Nani amemwona ng'ombe mjini siku hizi? Wakati ule watu walikuwa wakichukuliwa na hawarudi, na kila mji ulikuwa na mama zake waliokuwa wakizunguka kutafuta. Ikasemwa kwamba ukucha wa mtu ulionekana ndani ya mchuzi wetu. Niliwauliza wote waliolisema hilo, na hakuna aliyeuona. Aliyeuona daima alikuwa shemeji wa jirani wa msemaji. Wakanijibu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sijawahi kuichukia methali kama ninavyoichukia hiyo.

Mama alikasirika, na hasira yake ikampa akili mbaya. Alihamisha majiko yote mawili kutoka uani hadi barazani, mbele ya barabara, ili kila mtu aone kwa macho yake. Na mimi akaniweka kwenye meza ya mlangoni. Kila mchana nilitakiwa kukaa pale, kuletewa sahani kutoka sufuria yetu, na kula polepole mbele ya watu mpaka niimalize. Nilikuwa shahidi wake. Wapita njia walinitazama nikitafuna. Wengine walisimama kabisa, kama wanangoja nianguke. Nililia nikila, na alipoona machozi mama alinong'ona nifute uso, kwa sababu watu watasema chakula kinaniumiza.

Lakini barazani watu hawakuona usafi. Waliona sufuria mbili. Mji mzima sasa ulikuwa umeziona.

Na askari nao wakaziona. Walipokuwa wakila ndani na majiko yakiwa uani, hawakujali chakula chao kimetoka wapi. Sasa walipita barabarani wakamwona mtoto wa mwenye hoteli anakula kutoka sufuria hii, na wao wanapakuliwa kutoka ile yenye kitambaa. Mmoja wao akaugua tumbo kambini. Huenda ilikuwa waragi, ile pombe kali ya kienyeji, huenda maji. Mji mzima ulikuwa ukinywa maji ya kuchota ziwani. Lakini wenzake hawakufikiria waragi.

Walikuja watano mchana, saa ile ya wateja, ingawa wateja walikuwa wachache. Fundi cherehani alikuwepo, alikuwa amerudi kwa ajili ya chai tu. Ng'ambo ya barabara watu walikuwa wanatoka msikitini baada ya adhuhuri. Mkubwa wa askari hao hakupiga kelele. Alikifungua kile kitambaa chekundu, akakizungusha kidoleni, akamwuliza mama kina maana gani.

Mama akamweleza, kama alivyomweleza fundi. Hakujua kusema uongo, na sikumwona akijifunza.

"Afande, hii iko ya nyinyi. Ile iko ya watu ya msikiti. Mimi sichanganyi."

"Na wewe nakula gani?"

"Ile yetu."

"Hii yetu hapana?"

"Hapana, afande. Dini yangu inakataza."

Sikumwona afande kuwa mtu mbaya, na hilo linaniudhi mpaka leo, maana ningependa awe mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, ambaye rafiki yake alikuwa anaumwa.

"Mama, dini nakataza kula, lakini kupikia sisi haikatazi? Sasa kula. Kama iko muzuri, kula, sisi naona, tunaenda."

Mwenzake mmoja alikuwa ameshaishusha bunduki begani. Nilikuwa nimekaa kwenye meza yangu ya ushahidi, sahani mbele yangu. Ningeweza kusimama na kusema nitakula mimi. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na miguu, na kwa majuma mawili kazi yangu yote ilikuwa kula mbele ya watu. Sikusimama. Niliwaza kwamba kama kweli kuna sumu nitakufa. Yaani hata mimi, niliyeyaosha masufuria yale kila siku kwa majivu, wakati huo uvumi ulikuwa umeniingia. Hilo sikumwambia mama maisha yake yote.

Mama alinawa mkono wa kulia. Akapakua mwenyewe, vipande vitatu, akala amesimama barazani, watu wa msikitini wakimtazama kutoka ng'ambo. Nilikuwa nautazama mdomo wake. Mama hakunywa hata maji bila Bismillahi, lakini siku ile hakuitamka. Naamini hakutaka kulileta jina la Mungu pale. Alipomeza kipande cha tatu afande alitikisa kichwa, akasema pole mama, akakirudisha kitambaa mahali pake, wakaondoka.

Kwa askari, alikuwa amejisafisha. Siku ya pili walirudi kula kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa watu wetu mambo yalikwisha palepale. Shehe alisimama Ijumaa akaeleza kwamba mwenye kulazimishwa hana dhambi, na Kurani yenyewe inasema hivyo. Wote walikubali kwamba hana dhambi. Hakuna aliyekuja kula. Fundi cherehani, aliyeona kila kitu kwa macho yake, aliwaambia watu jambo moja tu, tena la kweli: mama amekula kibudu. Hakuongeza chochote, na haikuhitajika.

Tulivumilia miezi michache kwa mkono wa askari peke yao, kisha kikosi kikahamishwa. Tukafunga, tukaenda Mbale kwa mama mdogo, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na msikiti. Mama alidhani Mbale ni mbali. Lakini wafanyabiashara wa Jinja na wa Mbale ni watu walewale, na maneno yalifika kabla yetu. Alianza kuuza mandazi, ya unga na mafuta tu, hakuna nyama ndani. Watu walisalimia kwa heshima, wakauliza hali, wakapita. Jioni tuliyala wenyewe.

Miaka ikaenda. Vita vikaisha, vingine vikaja, navyo vikaisha. Sukari ikarudi madukani, rangi ikapakwa, watu wakasema nchi imepona. Kwenye arusi na hitima, akina mama wa Mbale hukutana kupika, kila mmoja na kazi yake. Mama hakunyimwa nafasi. Alikaribishwa vizuri, akaitwa dada, kisha akapewa ndoo akachote maji. Hakuna aliyemwambia asiguse sufuria. Miaka tisa alichota maji, yule mwanamke ambaye hakuna hata mmoja kati yao aliyemfikia kwa upishi, na nyumbani hakulalamika, yeye aliyekuwa na ulimi mkali Jinja nzima. Ulimi huo ndio niliouomboleza kabla ya kumwomboleza yeye.

Nilipochumbiwa alibadilika. Alianza kusema habari za pilau, mchele gani, bizari kiasi gani, kitunguu kiungue mpaka wapi. Alikuwa na haki: ni arusi ya mwanawe wa pekee. Siku mbili kabla, shangazi wa mchumba wangu alinijia akazungumza kwa kuzunguka sana. Alisema wageni ni wengi, wengine wanatoka Jinja, na chakula cha arusi ni cha kuliwa kwa furaha. Nilimwelewa. Ningeweza kumjibu. Badala yake nilikwenda uani kwa mama, aliyekuwa anachagua mchele, nikamwambia, "Mama, wewe ni mkubwa, usijichoshe. Acha wapike wao, wewe pumzika."

Akausogeza ungo kando.

"Umefikiri vizuri," akasema. "Wageni wasile kwa wasiwasi. Nitaosha sahani."

Akaziosha zote, tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nimekaa ndani na hina mikononi, nikisikia bati likigongana. Pilau ilikuwa na maji kidogo, na kitunguu hakikuiva. Watu walikula wakashiba, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.