Mwavuli Uliopandwa Kichwa Chini

Mwaka ule tulikula unga wa njano. Mahindi ya msaada kutoka ng'ambo, ugali wake unanuka gunia, na sisi watoto tunausukuma huku na huku kwenye sahani. Mvua ilikuwa imekataa. Tulipanga chumba Mutuini, pembeni mwa Nairobi, na mimi sikutulia hata dakika moja kwa sababu ya debe lililokaa nyuma ya jikoni.

Baba alitunza bustani ya tajiri mmoja wa Kihindi huko Westlands. Jioni moja akaja na kichwa cha mmea, majani yametawanyika kama mwavuli, ndugu wa mafunjo ya mtoni kwetu Budalang'i. Akakigeuza juu chini, akakizamisha kwenye debe la maji. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

"Baba Nekesa, huyo Mhindi amekufundisha kupanda miguu juu?"

"Ngojeni mizizi."

Nani angoje? Nilikichomoa asubuhi, nikakichomoa nikitoka kuchota maji, nikakinusa, nikakirudisha. Wiki ya pili majani yakawa kahawia, maji yakanuka. Foleni ya bomba ilikuwa ndefu, tulikuwa na madebe mawili tu, na mama akalitaka debe lake.

"Nekesa, toa huo mwavuli wako. Umekufa."

Nikalikumbatia debe. "Siutoi. Haujafa, una kiu tu."

Nilichapwa, sikuachia. Baba ndiye aliyeamua: "Mwache. Lakini wewe, mkono wako ukiingia humo tena, namwaga mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoteseka. Niliikalia mikono yangu. Nilizunguka ile jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mpaka siku mama mwenyewe akaniita, hacheki tena: mizizi myeupe imening'inia kama tambi, na juu yake vichipukizi vya kijani vimesimama.

Tuliupanda pale maji ya vyombo yalipomwagwa. Mwavuli hutaka miguu majini. Bua likikauka unalikata chini kabisa, lingine linatoka. Nimehama nao nyumba nne mpaka kwenye ploti yangu hapa mtaa wa Satellite. Shule sikufika mbali, lakini nionyesheni mwenye mwavuli kama wangu.

Siku hizi ugali ni mweupe, bomba liko ndani ya nyumba, na maji yanakuja mara moja kwa wiki. Kiangazi hiki mabua yote yamekuwa kahawia. Jana mwanangu alikuja na fundi, wakaanza kupima pale uliposimama mwavuli, wajenge chumba cha kupangisha.

"Mama, si unaona umekufa? Toa tujenge."

Nikaweka kiti changu katikati ya mabua, nikaketi.

"Siutoi. Haujafa, una kiu tu."