Sauti ya Kuambia Watu Wasipumue

Siku ya kwanza nilipewa mopu na overoli ya bluu ya mwanaume mrefu. Ilikuwa hospitali ndogo upande wa Kanyakine. Shule sikuenda, nilienda kuchuma kahawa, kwa hivyo niliandikwa kufagia chumba cha eksirei. Mkuu wa eksirei alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Shosho mmoja, bibi kizee, alikuwa amesimamishwa apigwe picha ya kifua, na mkuu yuko nyuma ya ukuta wake wa kujikinga. "Bi mkubwa, tafadhali vuta pumzi, kisha uizuie." Shosho akajibu, "Asante sana." Picha ikatoka ukungu mtupu. Akarudia, akiimba kabisa, "Uizuieee, bi mkubwa!" Shosho akageuka kuona ni nani anaongea vizuri hivyo.

Mimi na mopu yangu nikamwambia kwa Kimeru, "Shosho, vuta hewa kama unaingia jikoni imejaa moshi. Sasa kaa hivyo mpaka nikwambie." Akajaa kama chura. Mkuu akabonyeza.

Alitoka kwa chumba cha giza, pale filamu zilikuwa zinaoshwa kwa dawa, ameishika picha na klipu, maji yanadondoka. "Nani aliyemwambia?"

"Ni mimi."

"Weka mopu chini, Mama Kinya."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Nyinyi vijana mnacheka, lakini mtu akipumua kifua kinasonga, na kifua kikisonga picha inaharibika, daktari hasomi kitu. Nilivua watu mikufu, nikawafunga magauni ya mgongoni, nikawaambia wasipumue. Baadaye nilienda hospitali ya misheni upande wa Embu, nikajifunza kuwaambia kwa Kiembu. Sista mkuu wa huko alikuwa anaongea kwa pua, "Mama Kinya, wewe napiga kelele sana," lakini akienda likizo picha zilikuwa sawa, mimi nikienda likizo zilikuwa ukungu kama maziwa lala.

Mwisho nikahamia hospitali moja ya Meru mjini, na huko ndiko nilikutana na yule mwanamke.

Ililetwa mashine ya siti skani. Ni duara, kama mdomo wa tanki la maji, na kitanda kinakuingiza ndani. Inazunguka ikikukata vipande kama mkate, lakini hakuna kisu, ni picha. Sasa mshipa wa damu hauonekani kwa eksirei ya kawaida. Zamani daktari akitaka kuuona, anapitisha mrija mwembamba kwa paja mpaka ndani kabisa, anamwaga dawa, na hiyo ilikuwa kazi ya Nairobi. Wengi hawakufika. Hii mpya, pampu inasukuma dawa iingie mkononi, mwili unashika joto mpaka unafikiri umejikojolea, mashine inangoja dawa ifike kwa mshipa, ikifika inakimbia nayo. Halafu komputa inatoa mifupa inaweka kando, mishipa inabaki peke yake, kama mti wa kahawa umeng'olewa na mizizi ukaoshwa udongo. Siku ya kwanza kuiona nilisahau kupiga kelele. Mimi!

Lakini hiyo mashine ilikuwa na mdomo. Sauti ya mwanamke wa Kizungu, imerekodiwa ikawekwa ndani: "Brith iiin. Hold yo brith." Yaani vuta pumzi, uizuie, lakini kwa Kizungu, laini, kama amelala kwa mto. Haendi chai. Hakohoi. Wakubwa wakisimama kumsikiliza wanatabasamu, na mimi niko pale na magauni.

Karimi, binti wa kuendesha mashine, alikuwa na diploma na kucha safi. Akaniambia kama anabembeleza mtoto, "Shosho, hii inajisemea yenyewe. Wewe pumzika."

Pumzika! Nikajua nimerudishwa kwa mopu.

Akaja mzee mmoja wa miraa kutoka Laare, mguu umekufa ganzi, daktari anataka kuona damu imezibwa wapi, kuanzia kifua mpaka chini. Akaingizwa. Dawa ikasukumwa. "Hold yo brith," akasema yule mwanamke. Mzee akapumua kama ng'ombe amepanda mlima. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo, na wacha niseme ukweli, nilifurahi. Nilifurahi mpaka Karimi akasema polepole, "Haisomeki. Na dawa hatuwezi kurudia leo, figo zake zitaumia." Mzee akatoka akiburuta ule mguu, akaniambia, "Samahani, mama, sikujua anataka nini." Mimi nilijua. Nilikuwa nimesimama pale, nikajua, nikanyamaza.

Hiyo jioni sikula. Asubuhi nikamwendea Karimi. "Huyo mwanamke hawezi kufundishwa Kimeru?"

Akanitazama. "Hawezi. Lakini mashine inakubali sauti ingine. Tunaweza kurekodi yako."

Nikarekodi. Nikaanza vile mtu mwenye adabu anaanza: "Muuga, mzee. Sasa vuta hewa..." Siku nyingine yule mzee wa Laare alirudi, wakapiga kwanza ile picha ya kujaribu, kabla ya dawa. Sauti yangu ikasema, "Muuga!" Na yeye, na kichwa ndani ya duara, "Muuga, mama! Watu wa nyumbani wako aje?" Picha ikaharibika.

"Shosho, toa salamu," Karimi akasema.

"Siamrishi mzee wa watu bila kumsalimia!"

"Basi enda umsalimie wewe mwenyewe. Sauti iseme ile ingine."

Nikaenda kitandani, nikamsalimia, akamaliza habari zote za nyumbani. Nikatoka. Sauti ikaamrisha, akajaa hewa kama chura. Mshipa ulionekana pale ulizibwa, akapelekwa kufunguliwa, na mguu ukabaki wake.

Tangu hapo tulifanya hivyo, mimi salamu, sauti amri. Mashine zikabadilishwa, kila mpya inakata vipande vingi zaidi kwa mzunguko mmoja, mtu hakai bila kupumua mpaka macho yatoke. Kila mara Karimi aliihamishia kwa mashine mpya ile sauti yangu ya zamani. Mimi nikastaafu, nikapewa sufuria na keki. Yeye akabaki.

Juzi kifua kilinikaza. Nikalazwa kwa kile kitanda. Msichana mgeni akanichoma sindano, akatoka bila hata kuuliza nimeamkaje. Halafu nikamsikia yule wa ndani ya mashine, mimi wa zamani, kijana, mwenye pumzi, hana kikohozi: "Vuta hewa. Kaa hivyo."

Bila salamu! Mimi!

"Muuga na wewe pia!" nikamjibu kwa nguvu.

Bahati ilikuwa ile picha ya kujaribu. Mlango ukafunguka, Karimi akaingia, siku hizi ndiye mkuu, na mvi kidogo. "Muuga, shosho."

"Muuga."

"Sasa utakubali akuambie?"

Nikakubali. Joto likapita mwilini, akaniamrisha, nikajaa hewa, nikakaa hivyo. Karimi akarudi akicheka kwamba picha imetoka safi. Sikumuuliza mishipa yangu iko aje. Nilimuuliza, "Huyo mwanamke atastaafu lini?"